Kazi ya baa ya kulipwa mkononi: jinsi ya kuamua kabla hujavaa fulana yao

Tangazo lenyewe huwa fupi. "Wanahitajika wahudumu, baa mpya, Tabata. Mshahara mzuri, malazi yapo," na chini yake namba ya simu. Ukipiga unaambiwa uje jioni, mengine mtaongea ukifika. Ukifika unatajiwa laki mbili kwa mwezi, "mkononi, hapa hatuna mambo ya benki," halafu unaulizwa kama unaweza kuanza leo leo maana Ijumaa watu ni wengi.

Haya ni ya kufanya kati ya lile swali na jibu lako. Nimeyaandika kwa Tanzania Bara, na mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi, ZSSF, kwa hiyo aliyeko Paje au Nungwi atumie hesabu za hapa lakini sheria aulizie kwao.

1. Usiogope keshi, ogopa keshi isiyo na karatasi

Watu wengi wanadhani kulipwa taslimu ni kinyume cha sheria. Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mshahara ulipwe kwa fedha taslimu, kwa hundi au benki. Inachodai ni kwamba malipo yaende na maandishi: umelipwa kiasi gani, cha kipindi gani, umekatwa nini na kwa nini. Inadai pia mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi ukianza: kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa meneja ni dogo tu: "Siku ya mshahara nasaini wapi?" Mwenye daftari la kaunta ambalo kila mtu anaandika jina, kiasi na sahihi huyo unaweza kuzungumza naye. Anayetoa noti mfukoni saa nane usiku, huku mmoja akipewa laki na mwingine akiambiwa "wewe njoo Jumatatu", huyo mwezi ukiwa mbaya hatakumbuka hata kama ulikuwepo.

Kuna maneno utaambiwa kama vile unafanyiwa hisani: "Tunakulipa mkononi ili usikatwe kodi." Pima maneno hayo. Kodi ya mshahara, PAYE, haimgusi anayelipwa shilingi 270,000 kwa mwezi au chini ya hapo. Kwenye laki mbili zako kodi ni sifuri, iwe mkononi au benki. Kinachokwepwa hapo ni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa kubeba angalau nusu yake. Kwenye laki mbili, wewe unabaki na elfu ishirini yako mfukoni, yeye anabaki na elfu ishirini ambayo ingekuwa yako. Anaruka na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao anatakiwa aulipe peke yake bila kukukata hata senti. Mfuko huo ndio unaohusika mafuta ya chipsi yakikumwagikia mkononi au chupa ikikupasukia. NSSF nayo ina fao la uzazi, jambo ambalo dada wa miaka ishirini na tatu asilidharau.

Sisemi ukatae kila kazi isiyo na NSSF. Baa za mtaani zenye NSSF ni za kutafuta kwa tochi. Nasema tu ujue hisani hiyo inaelekea upande gani.

2. Piga hesabu ya kinachobaki

Mshahara wa kutajiwa haukwambii kitu mpaka utoe vinavyoliwa na kazi yenyewe. Chukua mfano wa laki mbili, siku 26 kwa mwezi, kuingia saa tisa alasiri na kutoka saa nane usiku.

Kwenda kazini daladala, tuseme 600. Kurudi saa nane usiku daladala hakuna, ni bodaboda, tuseme 3,000 kama unakaa karibu. Kwa siku 26, daladala ni 15,600 na boda ni 78,000. Shorti za mwezi, yaani upungufu wa hesabu unaokatwa kwako, tuziweke 20,000, na hapo nimekuonea huruma. Ukitoa vyote hivyo unabaki na 86,400. Saa ulizokaa pale ni 11 kwa siku, yaani 286 kwa mwezi. Ni kama shilingi 300 kwa saa.

Sasa weka tipu. Ukipata wastani wa 3,000 kwa siku unaongeza 78,000, jumla 164,400, na saa yako inapanda kufika karibu 575.

Linganisha na mgahawa wa mchana unaolipa 6,000 kwa siku, kuingia saa kumi na mbili asubuhi, kutoka saa kumi jioni. Kwa siku 26 ni 156,000. Daladala kwenda na kurudi 31,200. Unabaki na 124,800 kwa saa 260: shilingi 480 kwa saa, chai na wali wa mchana juu yao, na unalala nyumbani kwako kama watu. Laki mbili ya baa ilionekana kubwa, lakini bila tipu imeshindwa na mama ntilie. Kwa hiyo ukichagua baa umechagua kuishi kwa tipu, na tipu inategemea eneo, tarehe za mwezi na meza utakazopewa. Fanya hesabu hii kwa namba zako, kwenye karatasi.

Kima cha chini nacho kiangalie. Amri ya serikali ya mishahara ina ngazi yake kwa migahawa, nyumba za wageni na baa, tofauti na ya hoteli za kitalii. Ilipangwa upya kuanzia Januari 2023, na tena kuanzia Januari 2026, hivyo mtu akikutajia kiwango "cha serikali" muulize ni cha amri ipi.

Saa 11 zile pia sheria inazitazama. Kikomo cha kawaida ni saa 45 kwa wiki, na zikizidi zinalipwa mara moja na nusu. Saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Katika baa za kawaida sijaona bosi anayekuja na hesabu hiyo mwenyewe, lakini ijue, maana siku ya kudai utaihitaji.

3. Ulizia shorti mpaka uelewe

Hapa ndipo mishahara inapofia, na ndipo nakushauri ukae muda mrefu kuliko kwingine.

Baa nyingi zinakwenda hivi: unachukua bia kaunta, mtu wa kaunta anaandika kwa jina lako, na tangu hapo bia ile ni deni lako. Mteja akilipa, unapeleka. Mteja akiingia mitini, unalipa. Ukikosea chenji, unalipa. Meza ya watu wanane ikiagiza kwa vurugu na mmoja akakataa kwamba hakunywa zile mbili za mwisho, unalipa. Usiku wa manane mnapofunga hesabu, ikipungua ndiyo shorti, na inakatwa palepale kwenye tipu yako au inasubiri mshahara.

Kuna shorti ya mtu na kuna shorti ya kaunta. Ya pili ndiyo ya kuogopa. Bosi anahesabu kreti Jumapili, anakuta zimepungua, anagawa upungufu kwa wahudumu wote sawasawa, hata aliyekuwa ofu. Glasi zilizovunjika mwezi mzima nazo zinagawanywa hivyohivyo. Pale utalipia wizi wa mtu mwenye ufunguo wa stoo.

Sheria kwenye makato ya hasara iko wazi, na nadhani ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote kwa mhudumu. Mwajiri anaweza kukata ikiwa hasara imetokea kazini na kwa kosa lako wewe; amekuandikia sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa; amekupa nafasi ya kupinga; kiasi hakizidi hasara yenyewe; makato yote hayapiti robo ya mshahara wako; na wewe mwenyewe umekubali makato hayo kwa maandishi. Kugawa hasara ya kreti kwa kila mtu hakupiti hata kwenye sharti la kwanza. Mteja aliyetoroka kwa sababu baa haina mlinzi getini, hilo nalo la kubishaniwa.

Kwa meneja usiingie na vifungu vya sheria siku ya kwanza, utaonekana mkorofi. Uliza kiutu uzima: "Meneja, mteja akikimbia na bili inakuwaje? Na kreti zikipungua, tunahesabu kwa zamu au kwa mwezi?" Jibu zuri linasikika hivi: kila zamu inakabidhiana stoku kwa maandishi, bili kubwa inalipwa kwanza, na mteja mgeni anaagiza huku analipa. Jibu baya ni kicheko na "wewe chapa kazi tu, mbona wenzako wanaweza."

4. Nenda kama mteja kwanza

Kabla ya kusema ndiyo, rudi siku nyingine. Jumanne ni nzuri kwa sababu ndiyo inaonyesha baa inavyolala; Ijumaa kila baa inapendeza. Agiza soda, kaa kona, tazama.

Je, wahudumu wanakaa au wamesimama saa zote? Wanakula nini, saa ngapi? Nani anafungua kreti, nani anaandika? Kuna choo cha wafanyakazi? Bili inalipwaje: kama wateja wengi wanalipa kwa lipa namba ya baa, tipu nayo inaingia kwenye akaunti ya bosi, na unatakiwa ujue inarudi kwa mhudumu lini na kwa hesabu gani. Hilo limekuwa tatizo kubwa tangu watu waache kutembea na noti.

Kisha zungumza na mmoja wa wahudumu. Asionekane anasengenya bosi wake, kwa hiyo fupisha: "Dada, samahani, nimeitwa kazi hapa. Mshahara unatoka tarehe ngapi?" Sikiliza namna anavyojibu. "Tarehe tano" ni jibu. "Unatoka tu" nalo ni jibu. Ongeza swali moja: "Na wewe una muda gani hapa?" Ukirudia kwa wengine wawili ukakuta wote watatu wana wiki mbili, basi kuna kitu kinawaondoa watu pale kabla ya mwezi kwisha. Mara nyingi ni kwamba mwezi ukiisha hawalipwi.

5. Vitu vinne vya kukataa, hata kama kodi ya chumba imefika

Kitambulisho chako cha NIDA hakibaki kwa mtu. Mpe kopi. Anayetaka kushika kitambulisho halisi "kwa usalama" anataka usiweze kuondoka.

Siku za majaribio bila malipo, zikatae. Kuna sehemu zinaendeshwa na watu wa majaribio: wiki hii wewe, wiki ijayo mwingine. Siku uliyobeba trei ni siku ya kazi. Kubali majaribio ya siku mbili au tatu za kulipwa kwa siku.

Nauli na malazi yenye deni lisiloandikwa. Mtu anakutumia nauli kutoka mkoani, unafika, unapewa kitanda chumba cha watu sita nyuma ya baa, halafu kila mwezi unakatwa "ile nauli" na "kile chumba" bila kuambiwa imebaki kiasi gani. Kama nauli ni mkopo, kiasi kiandikwe kabla hujapanda basi. Na beba nauli yako ya kurudi, ifiche, usiiguse kwa chochote. Pesa hiyo ndiyo inayokupa ujasiri wa kusema hapana.

La nne ni kauli za aina ya "hapa tunataka wachangamfu, wateja wasinune." Uchangamfu ni kazi. Kukalia mapaja ya mteja au kuondoka naye baada ya kufunga si kazi, na unyanyasaji wa kingono kazini umekatazwa na sheria ileile ya ajira. Uliza wazi: "Mteja akinishika, nimwite nani?" Kama kuna baunsa au meneja anayesimama upande wako utajua kwa wepesi wa jibu. Ulizia pia utaratibu wa bia unazonunuliwa: baa nyingine zinakuruhusu ubadilishe bia hiyo iwe pesa kaunta, nyingine zinataka uinywe. Kunywa bia sita kila usiku ili bosi auze ni kuuza maini yako kwa bei ya kreti.

6. Amua

Mimi ningechukua kazi ya mkononi kama inalipa kwa siku au kwa wiki. Anayekulipa kila usiku hawezi kukudhulumu zaidi ya usiku mmoja. Wa mwezi ana siku thelathini zako mkononi, na wale wenye mtindo wa "mshahara wa kwanza unabaki ofisini" wana sitini. Kama ni ya mwezi na hakuna daftari, omba ulipwe kwa wiki kwa mwezi wa kwanza tu. Wengi wanakubali, kwa sababu wana shida ya watu.

Kama kinachobaki kwenye hesabu yako ni chini ya unachopata sasa kwa kuuza maandazi au kufua nguo, usiende kwa sababu ya neno "ajira". Na kama huna kitu kabisa, nenda, lakini jiwekee tarehe: nikifika mwisho wa mwezi wa pili bila kulipwa kamili, naondoka. Mwambie mtu wako wa karibu tarehe hiyo.

Gharama ndogo za mwanzo ziulizie pia. Anayeshika chakula anatakiwa kupimwa afya na kurudia kila miezi sita, nani analipia? Fulana na aproni je?

7. Ukishaanza, tengeneza ushahidi wako

Nunua daftari dogo. Kila siku andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, shorti na sababu yake. Mistari miwili inatosha. Ratiba ya zamu ikibandikwa ukutani, ipige picha. Meseji za kundi la WhatsApp la kazini usizifute, hata zile za "kesho wote saa nane kamili, atakayechelewa faini".

Siku ya kulipwa, ukiwa bado njiani, mtumie meneja ujumbe wa heshima: "Bosi asante, nimepokea 180,000 ya mwezi wa sita, imebaki 20,000." Akijibu "poa" tayari umepata karatasi ambayo hakutaka kukupa. Asipojibu, ujumbe wako bado una tarehe. Na pesa yenyewe iweke kwa wakala siku hiyohiyo hata kama utaitoa keshokutwa. Kuweka ni bure na rekodi inabaki.

Hiki kidaftari kina nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Kesi ikifika, na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Na kama umemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa wake mpaka yeye athibitishe vinginevyo. "Huyu alikuwa kibarua tu" haitoshi.

Akiba ya uzeeni usimwachie. NSSF inapokea wanaojichangia wenyewe. Hata kama bosi hakukuandikisha, nenda kaulizie.

8. Ukiondoka au ukiondolewa

Mlipwaji wa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au siku 7 kama bado yuko ndani ya mwezi wa kwanza. Wa siku au wiki, baada ya mwezi huo wa kwanza, siku 4. Nawe ukiondoka unadaiwa hivyohivyo, kwa hiyo usitoweke tu. Tuma ujumbe wenye tarehe.

Mshahara ukikwama, mahali ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama umeachishwa kazi na unaona umeonewa una siku 30 tu za kufungua shauri, na aliyefanya chini ya miezi sita hana njia hiyo. Lakini madai ya mshahara usiolipwa au makato yasiyo halali yana siku 60, na miezi sita hiyo haiyahusu. Hulipi kufungua. Wengi wanapoteza haki zao kwa kusubiri ahadi ya "njoo mwisho wa mwezi" mpaka siku zimepita. Hesabu siku tangu ulipokosa pesa, na uende na daftari, picha na simu yenye meseji. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, CHODAWU ndicho chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, na baa zimo.

Kabla ya kurudisha fulana, omba cheti cha utumishi. Ni haki yako, na baa inayofuata au hoteli ya Masaki itakuuliza umefanya wapi. Bosi akisema hana muda wa kuandika, mwandikie mwenyewe mistari minne, jina, kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, umpelekee apige mhuri na kusaini. Mpelekee mchana, kabla wateja hawajaanza kuingia.